Gereji isiyo na kibao Unga Limited: hapa kazi inapimwa kwa Kisongo, Makuyuni na Loliondo

Gari langu ni Land Rover 109 Series III, pikapu ya petroli, ya mwaka 1978. Nalisema mapema ili mwenye Vitz asimalize bando lake hapa. Lilikuwa la marehemu baba, sasa ni langu, na silifugi kwa ajili ya picha: linapanda Karatu na miche ya parachichi kutoka Tengeru, linashuka na vitunguu vya Mang'ola. Tangu Oktoba 2024, Land Rover zilipojazana Arusha kwa lile tamasha lao na langu likapita katikati ya Defender zinazong'aa kama sufuria mpya, naulizwa swali lilelile: mama, hilo unalitengenezea wapi?

Nalitengenezea Unga Limited, hapahapa Arusha mjini, kwenye gereji isiyo na kibao. Ukiacha lami, ukawapita mafundi mageti, ukasikia nyundo ya mhunzi anayefua sime kwa springi za magari yaliyokufa, umefika. Kuna mjakaranda mmoja, chini yake injini tatu zimelazwa juu ya matairi, na kibanda cha mabati ambacho mlango wake ni boneti ya Series II. Wapo mzee wa miaka sabini na kitu, mpwa wake, na pembeni kidogo fundi katambuga, mtengeneza viatu vya matairi, ambaye si wa gereji lakini bila yeye kazi nyingi hazifanyiki. Majina siyataji. Mzee alinikatalia, anasema simu zikianza kuita hatashika spana tena.

Huu ni mwaka wa pili nakwenda pale. Kila shilingi imetoka mfukoni mwangu na daftari ninalo, kwa hiyo haya si maneno ya kulipwa.

Siku ya kwanza nilimwamkia mzee, akaitikia, akauliza, "Unakwenda wapi?"

Nikamwambia siendi popote, nimekuja kutengeneza gari.

"Mwanangu, gari linatengenezwa kwa safari. Niambie uendako, nikuambie nitakufungia nini."

Nikadhani ni maneno ya wazee. Kumbe ndiyo bei na ndiyo dhamana. Kila kipuri anachokiunga mwenyewe anakipa jina la mahali. "Hii ni ya Kisongo" (Kisongo ni pale nje kidogo ya mji) maana yake itakutoa hapa ikufikishe nyumbani, upaki, ukatafute kitu cha maana. Ya Makuyuni ni ya lami, kilomita kama 80 kutoka mjini, utaitumia wiki kadhaa ukiwa mpole. Ya Karatu inapanda mlima na mzigo. Ya Loliondo, kule mbali kaskazini, unaifunga na kuisahau, makorongo na vumbi havitaitoa. Juu ya Loliondo kuna neno moja tu: "Nunua." Akishasema nunua, hata umlilie hashiki nyundo. Jina linaandikwa kwa rangi nyeupe juu ya kipuri chenyewe, na tarehe. Ukifungua boneti yangu leo utadhani umesimama stendi unasoma mbao za mabasi.

Naeleza yote haya kwa sababu mafundi wetu wanasifiwa mno kwamba wanaweza kuunga chochote. Ni kweli wanaweza. Fundi maiko, yule wa kubahatisha, naye anaweza. Kinachoniuma mimi ni kuungiwa kitu nikaambiwa "hiyo imeisha mama, haina shida", halafu shida ninakutana nayo peke yangu saa mbili usiku pasipo na mtandao.

Nilianza na bushi za springi za mbele, sita. Zile za kiwandani ni mpira ulioshikamanishwa na mabomba mawili ya chuma, moja nje, moja ndani. Zikifa, gari linagonga kila shimo kama mdai anayebisha hodi, na usukani unatangatanga. Mzee alichoma mpira, akaingiza msumeno ndani, akalikata lile bomba la nje taratibu mpaka likalegea, kisha akanikabidhi kwa fundi katambuga. Nikapewa kigoda, nikakaa nikitazama.

Kwanza alichagua tairi. La waya alilikataa kwa kulipiga teke. Alitaka tairi kuukuu la lori, la nyuzi, kwa sababu waya ukibaki ndani unaitafuna bolti. Kisu chake ni kifupi, kimenolewa miaka mingi mpaka kimekuwa chembamba kama jani la mwanzi. Anakichovya kwenye kopo la maji ya sabuni, anavuta mara moja, mpira unafunguka bila kelele. Akisahau kuchovya, kisu kinakwama na mpira unalia. Akapata mikanda. Akaiweka juu ya gogo, akatoboa visahani kwa kipande cha bomba kilichonolewa ukingo, nyundo moja kisahani kimoja, kisha katikati ya kila kisahani akatoboa tena kwa bomba jembamba. Visahani vinne kwa bushi moja. Akavitunga kwenye bolti ndefu kama mishikaki, akakaza nati, akaisogeza kwenye jiwe la mashine huku akizungusha mpaka vyote vikawa mviringo mmoja. Harufu ile ilikaa kwenye kitenge changu hadi Jumapili. Mwisho vikapakwa sabuni, vikasukumwa kwa jiliwa ndani ya jicho la springi, na kijibomba cha chuma katikati ili bolti ikaze chuma, isikaze mpira.

Bushi sita, shilingi 30,000. Mzee akachukua brashi, akaandika Makuyuni.

Nilibisha. Gari lilikuwa kimya kuliko nilivyowahi kulisikia tangu baba akiwa hai. Akanionyesha bushi ya zamani iliyokatwa. "Huu umeshikana na chuma. Springi ikijipinda, mpira nao unajipinda, haupotezi kitu. Huu wetu haujashikana, unateleza. Kila ukiteleza unajila." Mimi nikaenda nazo Karatu safari saba. Mwezi wa nne tangu zifungwe zikaanza kutema unga mweusi chini ya chesisi. Nilipozirudisha hakusema "nilikuambia". Alisema, "Umezidisha," akaendelea na kazi yake.

Safari hii alinipeleka kwa fundi kerezo, mitaa miwili kutoka pale, akazikereza upya kwa nailoni nyeupe. Moja ni 15,000, kwa sita 90,000, nikaumia lakini nikalipa. Zimeandikwa Loliondo, zimepita mwaka, na sijaona hata mkwaruzo. Hasara yake ni kwamba hazina huruma. Kila kokoto ninalisikia kwenye meno. Na hapo naanza malalamiko: siku ya kuzifunga, mpwa aliniongezea majani mawili ya springi ya Fuso bila kuniuliza, kwa wema tu, "kwa sababu mama unabeba mizigo". Nikiwa na mzigo gari linatulia vizuri sana. Nikiwa mtupu linaruka kama ndama aliyefunguliwa kamba. Trei ya mayai niliyopewa Mto wa Mbu ilifika Tengeru ikiwa na mayai kumi na moja.

Kabureta nitaipitia haraka. Ni Zenith, na kwa mwaka mzima fundi maiko mbalimbali walinibadilishia plagi wakati gari linakunywa lita moja kwa kilomita nne na kutoa moshi mweusi likisimama. Mzee alifungua kifuniko, akaweka rula juu yake, akaniita nione mwanga ukipita chini ya rula. Kimepinda. Petroli inavuja ndani kwa ndani, huioni. Akabandika msasa laini juu ya kipande cha kioo cha dirisha, akaulowesha, akasugua kifuniko kwa kuzungusha mpaka kikawa sawa, akaweka oringi mpya. Shilingi 25,000 na nusu saa. Sasa napata kilomita tano na kitu kwa lita, ambayo kwa gari hili ni kama kufunga Ramadhani.

Kazi iliyonifanya niandike haya yote, lakini, ni mlango wa kulia.

Bodi ya Land Rover hizi ni aluminiamu, ila fremu iliyo ndani ya mlango ni chuma. Ndivyo zilivyozaliwa. Zilipoanza kutoka kiwandani Solihull mwaka 1948, Uingereza chuma kilikuwa bado cha mgao baada ya vita, aluminiamu ikawa rahisi kupatikana, wakatumia hiyo. Hata gari lao la kwanza la majaribio walilijenga juu ya chesisi ya Jeep. Sasa aluminiamu na chuma vikigusana, na pakawa na unyevu, panatokea umeme mdogo kama ule wa ndani ya betri, na anayeliwa ni aluminiamu. Inageuka unga mweupe kama wa muhogo. Chuma nacho kinaota kutu upande wake, kinavimba, kinalisukuma bati nje. Mlango wangu chini ulikuwa umeoza kiasi kwamba kidole kinapita, na waliotangulia walikuwa wakiziba kwa puti na rangi, mwaka baada ya mwaka, puti juu ya puti. Mzee alipoupiga nyundo ukadondoka mkate mzima.

Akavua bati lote. Fremu mpya ikachomelewa na fundi geti wa jirani kwa bomba la mraba, ikapakwa rangi ya kuzuia kutu mara mbili, ikaachwa jua kutwa. Kisha mzee akatoa tyubu ya lori, akakata ukanda wa upana wa vidole viwili, akaugandisha kwa gundi ya viraka kuzunguka fremu yote, kila mahali ambapo bati lingegusa chuma. Hata kwenye bawaba akakata vipande vya duara vya tyubu akavivisha bolti. Ribiti akatumia za aluminiamu. Chini kabisa akatoboa matundu matano, maji yakiingia yajue pa kutokea. Ndipo akalikunja bati kurudi mahali pake kwa nyundo ya mbao, polepole, akipita na kurudia kama mtu anayepinda upindo wa kanga.

Masika yamepita. Nimefungua kifuniko cha ndani nikaangalia kwa tochi: hakuna unga. Na sauti! Zamani mlango ulifunga kwa kelele za debe, sasa unafunga kama jokofu. Nililipa 180,000 nikauliza ni wa wapi, ili nami niujue. Akafuta mikono. "Huu hauandikwi. Utauzwa na gari."

Kuna bwana mmoja wa Njiro mwenye Series II ya maonyesho, alipouona akasikitika, akaniambia nimeliharibia gari uasili wake, Waingereza hawakuweka tyubu. Ni kweli hawakuweka, ndiyo maana uliozea mikononi mwangu. Gari lenyewe limeanza kwa kuunga, aluminiamu kwa sababu chuma hakuna, chesisi ya mwenzao kwa sababu ya kwao haijawa tayari. Sasa ukanda wa tyubu ndio uharibu uasili? Nilimwambia hivyo kwa adabu, na tukaachana salama.

Sasa niwaeleze walipokosea, maana walikosea.

Pampu ya petroli ya gari hili haina umeme. Inasukumwa na injini, ina kikombe cha kioo chini kinachokuonyesha uchafu, na ndani yake kuna dayaframu, utando wa mpira unaopanda na kushuka kuivuta petroli. Yangu ilichanika Jumanne jioni, na Jumatano asubuhi nilikuwa na oda ya miche mia nne Karatu. Mzee alikuwa msibani. Mpwa akakata dayaframu kwenye tyubu ya pikipiki, akaitoboa vizuri kabisa kwa kufuata ile ya zamani, akafunga, gari likawaka kwa jaribio la kwanza. Shilingi 10,000. Kwa haraka, brashi mkononi, akaandika herufi moja juu ya pampu: K.

Mimi nikasoma Karatu. Yeye aliandika Kisongo.

Tyubu ya pikipiki imetengenezwa kushika upepo. Ukiiweka kwenye petroli, inainywa, inavimba, inalegea. Nimepita Makuyuni, nimepita Mto wa Mbu, nimeanza kupanda ule ukuta wa Bonde la Ufa, kona ya tatu gari likakohoa, likarudia, likanyamaza. Utingo wangu akaruka na jiwe. Nyani wa pale wanajua gari linalokufa mapema kuliko trafiki. Walikuwa wamekaa ukingoni wamekunja mikono. Nilipoinua boneti mmoja akapanda nyuma, akaipita miche yote mia nne bila kuigusa, akashuka na mkungu wa ndizi niliombebea mwenyeji wangu. Nikafungua pampu. Dayaframu ilikuwa imevimba kama andazi.

Nilichofanya baada ya hapo nilikuwa nimekiona kwa baba, na sikushauri ukifanye. Nilifunga kidumu cha lita tano cha petroli juu ya paa la kebini kwa mpira wa mizigo, nikalegeza kifuniko chake kidogo ili upepo uingie, nikashusha mpira wa petroli ambao baba aliuacha nyuma ya kiti tangu miaka hiyo, moja kwa moja mpaka kwenye kabureta. Petroli ikashuka yenyewe. Gari likawaka. Nikapanda ule mlima na petroli juu ya kichwa changu na injini ya moto mbele ya magoti yangu, bila koki, bila chochote cha kuizuia kama mpira ungechomoka. Utingo alikataa kukaa ndani. Alipanda juu ya miche akasema akifa afe akiwa anaona njia.

Tulifika. Niliporudi Arusha mzee alikuwa ametoka msibani. Aliangalia ile K kwa muda mrefu. Hakumfokea mpwa wake. Alimpa brashi na kopo la rangi, akamwambia arudie kila kipuri kilichopo kibandani, kimoja kimoja, jina zima, naye akakaa kwenye kigoda akisoma kwa sauti: Kisongo. Kisongo. Makuyuni. Karatu. Kisongo. Ilichukua mchana wote. Mimi akanirudishia elfu kumi yangu, akasema, "Dayaframu ya petroli, kuanzia leo, nunua." Nikanunua seti yake dukani, ikafungwa bure. Lakini ile K juu ya pampu nilikataa isifutwe.

Orodha ya "nunua" ndiyo inayonifanya nimwamini. Viungo vya usukani hachomelei, hata kama mteja anatoka mbali na fedha hana. Nimemwona akimrudisha mtu aliyekuja na tairodi iliyopasuka anataka "pointi mbili tu za weldingi". Breki kadhalika. Na breki mimi nina kisa. Kabla ya hapa nilikuwa na gereji nyingine, kubwa, yenye geti na mlinzi, siitaji. Siku moja mafuta ya breki yaliwaishia wakanijazia oili ya haidroliki, kwa hoja kwamba mafuta ni mafuta. Mpira wa breki hauli oili ya madini, unavimba. Baada ya siku chache gari likaanza kujishika lenyewe, pedali ngumu kama jiwe, gurudumu la mbele linafuka moshi pale Sakina. Ikabidi kutupa mipira yote: ya masta, na ya silinda sita za magurudumu, maana 109 ina mbili kila upande mbele na moja moja nyuma. Mzee alinifanyia kazi hiyo kwa vifaa vya dukani tupu, akaosha mabomba kwa spiriti, na kilichotengenezwa mtaani ni kugongelea lining mpya kwenye viatu vya breki kwa ribiti, kazi ambayo mafundi wamekuwa wakiifanya tangu zamani na haina ujanja ndani yake.

Mengine ni madogo ila nayapenda. Tanki lilipoanza kutona petroli mzee hakulishusha siku hiyo. Alikata kipande cha mche wa sabuni, akakikanda kwa vidole vyenye mate, akakisugua kwenye ufa. Sabuni haiyeyuki kwa petroli, lakini ikipigwa na maji imekwisha, kwa hiyo akaandika Kisongo na akaongeza, "mvua isinyeshe". Mimi muuza miche nimeokolewa na mche wa sabuni, utingo alicheka mpaka Usa River. Tanki lilichomelewa wiki iliyofuata, baada ya kujazwa maji mpaka juu, na mzee alisimama palepale mpaka wamemaliza.

Na hendeli. Land Rover hizi zina tundu kwenye bampa la mbele la kuingiza hendeli ya kuwashia kwa mkono, na ya kwangu ilipotea zamani. Mhunzi wa sime akachukua hafushafti, ile shafti inayozungusha gurudumu, iliyokatika kwenye Land Rover 88 ya mteja mwingine, akaipasha moto mpaka ikawa rangi ya chungwa, akaikunja mara mbili, mzee akatoboa ncha akapitisha pini ya kukingama ili ishike meno ya krenki. Chuma cha hafushafti hakipindiki kirahisi, ile ndiyo hendeli nzuri kuliko ya kiwandani. Waligoma kunichaji, nikanunua soda kreti moja. Somo nililopewa pamoja nayo: kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, usikumbate mpini, maana injini ikirudisha nyuma inavunja mkono. Imeniwasha mara mbili asubuhi ya baridi ya Julai, betri ikiwa imelala.

Nikiulizwa nyota ngapi, natoa kwa mizani yao wenyewe: gereji hii ni ya Karatu. Ingekuwa ya Loliondo kama si ile K, na majani ya Fuso, na risiti. Risiti hawana. Ukitaka maandishi uje na daftari lako, mzee atatia sahihi kwa kidole chenye grisi. Kusubiri ni jambo la kawaida. Akifika mtu mwenye gari la zamani lenye tatizo asilowahi kuliona, kazi yako inasimama, wote wanainama kule. Choo ni cha jirani. Chai ipo, ya tangawizi, na haina bei.

Nenda asubuhi, kabla ya saa mbili, Jumanne hadi Ijumaa. Jumamosi wapo lakini kumejaa bodaboda. Mwamkie mzee vizuri, na akikuuliza unakwenda wapi usijibu "popote" kama nilivyojibu mimi. Mtajie safari yako ya kweli na mzigo wako wa kweli. Usiache gari kwa mpwa peke yake bila kumwambia kwa mdomo kwamba hutaki majani ya ziada. Kama kabureta yako ni Zenith na ukaambiwa ununue mpya, pita hapa kwanza.

Mimi narudi mwezi ujao kwa mlango wa kushoto. Bei ni ileile, ila tyubu za lori zimeadimika siku hizi, matairi mengi ni tyubulesi. Ameniambia nije na yangu, na isiwe na viraka.